Faida ya duka la kwenye simu huishia kwenye bodaboda

Itazame hesabu ambayo karibu kila anayeanza kuuza kwa simu kutoka nyumbani huiandika nyuma ya daftari. Kopo moja la mafuta ya shea, yale ambayo kaskazini mwa Uganda huitwa moo yao, limemgharimu shilingi 5,200 mpaka kufungwa kifuniko. Analiuza 15,000, kwa hiyo anabaki na 9,800. Akiuza makopo 40 kwa mwezi ana 392,000, na hajalipa kodi ya chumba cha duka wala kuchomwa na jua la soko la Owino. Kujumlisha amejumlisha sawasawa. Tatizo ni kwamba hesabu yake imeishia jikoni, kabla kopo halijapakiwa kwenye bodaboda.

Wanaouza semina za uhuru wa kifedha hupenda kuishia hapohapo. Lakini Uganda ya leo simu ni dirisha la kuonyeshea bidhaa tu. Biashara yenyewe inafanyika kati ya mlango wako na mlango wa mteja, kisha kati ya MoMo yake, yaani pesa yake ya kwenye simu, na mfuko wako. Anayejua gharama ya vipande hivyo viwili anaweza kupata riziki ya maana akiwa kwake. Asiyejua atafunga duka akiwa na wafuasi elfu tano na deni la data.

Moo yao ni mfano mzuri kwa sababu mali ghafi yake iko hapahapa nchini, Lira, Otuke, Gulu hadi West Nile. Ni nyepesi kusafirisha, na anayeipenda huirudia. Pia ina mitego ya kutosha kumfunza mtu adabu.

Mtego wa kwanza uko kwenye kopo. Mafuta haya ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kopo la mililita 100 huingia gramu 90 hivi. Muuzaji anayebandika lebo ya “100 g” kwa kufuata maandishi ya chini ya kopo anamdanganya mteja bila kujua, na siku mteja atakapoliweka kwenye mizani hatasikiliza maelezo. Pima kwa mizani ya dijitali, andika gramu. Kilo moja ya mafuta ya kijijini nayo haitoi kilo moja ya kuuza. Ukiyeyusha na kuchuja, mashapo na yanayobaki kwenye sufuria yanaweza kula gramu 50, ubaki na 950, yaani makopo 10 na masalio kidogo.

Kuyeyusha kwenyewe kuna utaratibu. Sufuria ya mafuta iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, moto mdogo, mpaka yote yawe majimaji kabisa na mapovu ya unyevu yakome. Unyevu ndio adui: tone la maji likibaki ndani, mafuta huchacha upesi na huweza kuota ukungu. Chuja kwa kitambaa safi cha marikani kilichokunjwa mara mbili, kikavu. Kisha poza haraka, makopo yakikaa kwenye beseni la maji baridi au kwenye friji. Yakiachwa mezani yapoe polepole, sehemu ya mafuta inayoganda mapema hujitenga na kufanya chembechembe kama semolina. Mafuta hayajaharibika, lakini mteja ataamini umechanganya kitu. Dawa ni kuyayeyusha upya yote na kuyapoza haraka. Yakimiminwa kwenye makopo ya plastiki, yawe chini ya nyuzi 60, la sivyo kopo jembamba hulegea na kifuniko hakikai tena.

Lebo huchapishwa Nasser Road au Nkrumah Road. Usikubali karatasi ya kawaida hata kama ni nusu ya bei, kwa sababu kidole chenye mafuta kikiigusa mara tatu wino umetapakaa. Omba stika ya plastiki, na ulifute kopo kwa spiriti kabla ya kubandika. Juu yake kuwe na jina la bidhaa, uzito, kilichomo, jina na mahali pa mtengenezaji, namba ya mkupuo (makopo yaliyotengenezwa kwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Namba ya mkupuo hudharauliwa mno na wauzaji wadogo. Siku wateja watatu wanapolalamikia harufu, ndiyo itakayokuambia kama ni kilo moja mbaya au ni mzigo mzima.

Sasa turudi kwenye ile hesabu, tuiendeleze mpaka mlangoni kwa mteja. Takwimu hizi ni za mfano; weka zako, mpangilio utabaki uleule. Tuseme kwa mwezi zimekuja oda 40, masharti ni lipa ukipokea, na nauli ya bodaboda inalipwa na mteja. Oda 8 zinaanguka: simu haipokelewi, au mteja “ametoka kidogo”, au mumewe amekataa. Zilizolipwa ni 32, yaani shilingi 480,000.

Makopo 32 kwa 5,200 ni 166,400. Safari 8 zilizoanguka, kwenda na kurudi kwa 8,000, ni 64,000, na hizo hazina mlipaji mwingine isipokuwa wewe. Matangazo ya kulipia 70,000. Data na muda wa maongezi 45,000. Makato ya kutoa pesa 12,000. Makopo matatu yaliyomwagika au kurudi yamefunguliwa, 15,600. Jumla ya matumizi ni 373,000. Kilichobaki ni 107,000.

Kutoka 392,000 za kwenye daftari hadi 107,000. Kama kazi hii inakula saa mbili kwa siku, siku 26, basi kila saa imelipwa kama shilingi 2,050. Hapo ndipo wengi huamua kwamba tatizo ni kutojulikana, wakaongeza fedha za matangazo. Wanaongeza oda, na pamoja nazo wanaongeza safari za bure.

Ninachopendekeza kitawaudhi wanaoogopa kumpoteza mteja: nauli ilipwe kwanza. Siyo bei yote, maana mteja wa Kampala ameshatapeliwa mara nyingi na ana haki ya kushika kopo kabla ya kulipa. Dai nauli peke yake, tuseme 5,000, kama arubuni. Bei ya mafuta atalipa akipokea. Oda zitapungua, labda kutoka 40 hadi 34, lakini sita waliokimbia walikuwa hawana nia. Tuseme zinaanguka mbili tu, na kwa kila moja arubuni imefunika sehemu kubwa ya safari, unapoteza 3,000. Waliolipa ni walewale 32. Hasara ya 64,000 imekuwa 6,000, na faida imepanda hadi 165,000 bila tangazo jipya hata moja.

Hatua ya pili ni kuuza makopo matatu kwa pamoja kwa 40,000. Kati ya wateja 32, kumi wakikubali, kila mmoja ameongeza 25,000 kwenye mauzo na 10,400 kwenye gharama. Hiyo ni 14,600 mara kumi, yaani 146,000, kwa bodaboda ileile, simu ileile na dakika zilezile za kujibu ujumbe. Faida sasa ni 311,000, na saa moja inalipa karibu 6,000. Ndiyo maana bidhaa ya bei ndogo isiyouzika kwa fungu haifai kuuzwa kwa njia hii. Hereni za 5,000 zinazosafirishwa kwa 7,000 ni kazi ya kumtajirisha mwenye pikipiki.

Usafirishaji nao una namna zake. Kupeleka kila oda inapoingia ni heshima inayokugharimu. Tenga siku mbili, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, na uzipange oda kwa njia: Kamwokya, Bukoto, Ntinda, Najjera siku moja, Nateete na Kyengera siku nyingine. Mwendesha bodaboda mmoja unayemjua, wa stegi ya karibu na kwako, mkubaliane bei ya mzunguko mzima kabla hajawasha pikipiki. Mpe karatasi yenye jina, namba, kiasi cha kupokea na alama ya mahali: kituo gani cha petroli, kanisa gani, geti la rangi gani. Alama ya ramani ya simuni humfikisha mtu nyuma ya ukuta. Piga simu kwa mteja asubuhi ya siku hiyo, siyo usiku uliotangulia, na asiyepokea aondolewe kwenye mzunguko.

Kwa walio mbali kuna mabasi. Kifurushi cha Arua, Gulu, Mbarara au Kasese hukabidhiwa ofisi ya vifurushi ya kampuni ya basi, unapewa risiti, unaipiga picha na kumtumia mteja pamoja na namba ya gari. Hapo lipa ukipokea haifanyi kazi. Pesa yote ije kabla, na ndiyo sababu wateja wa mikoani huwa wachache mwanzoni lakini wenye faida zaidi. Moo yao ya kwetu ni laini kuliko shea ya Afrika Magharibi na huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 30. Itume kwa basi la usiku, makopo yasimame wima, kila moja liwe na kifuniko cha ndani na mkanda wa plastiki shingoni. Ujumbe mfupi ndani ya boksi, “yakifika yameyeyuka, yaweke kwenye friji saa moja kabla ya kufungua”, huokoa malalamiko mengi.

Kuhusu malipo, laini ya biashara iwe mbali na laini ya familia na iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini ya shemeji ni pesa ya shemeji siku mtakapokosana. Omba namba ya mfanyabiashara ya MoMoPay ya MTN, na ya Airtel pia, kwa kuwa wateja wamegawanyika mitandao miwili na kumlazimisha mtu avuke ni kumkata ada. Ujumbe wa “umepokea” haujawahi kuwa risiti. Matapeli huutunga neno kwa neno, hata jina la mtumaji hulipanga vizuri. Angalia salio kwa *165# (MTN) au *185# (Airtel) kabla kopo halijatoka mkononi, na mwendesha bodaboda asikabidhi kitu mpaka umwambie wewe.

Kodi ya asilimia 0.5 hutozwa kwenye kutoa pesa ya simu, juu ya ada ya wakala. Ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1 na hata kwenye kutuma, kelele zikapigwa, ikapunguzwa mwaka uleule. Milioni moja inayotolewa inaacha 5,000 serikalini kabla ya ada yenyewe. Hivyo usitoe kila jioni. Mlipe muuza makopo na mchapaji lebo kwa simu, pesa izunguke ikiwa ndani, na utoe taslimu ile tu ambayo ni mshahara wako. Anayetoa mara moja kwa wiki anaona tofauti, kwa sababu ada ya wakala hupangwa kwa madaraja na kutoa kidogokidogo ndiko ghali.

Matangazo ya Uganda yana kisa chake. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na baada ya intaneti kurudishwa yenyewe haikurudi. Wanaoiingia hutumia VPN, programu ya kupita kizuizi, na VPN humwonyesha mtu wa Wandegeya kana kwamba yuko Uholanzi. Ukilipia tangazo la Facebook na kuchagua “walio Kampala”, sehemu ya walengwa wako haipo kwenye hesabu, na pesa inaweza kuishia kwenye mduara mdogo wa watu. Ushauri ulioandikwa Nairobi au Lagos unaosifu soko la Facebook hauvuki mpaka wa Busia salama. Hapa kazi inafanywa na TikTok na Instagram kwa kuvuta macho, na WhatsApp kwa kuuza.

WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za wateja. Tumia lebo nne tu: ameuliza, ameweka arubuni, amepokea, arudiwe. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye pesa. Kopo la gramu 90 kwa mtu anayejipaka kila siku huisha baada ya wiki kadhaa. Baada ya wiki ya tano mtumie ujumbe mmoja, wenye jina lake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo omba kuhifadhiwa pale anapopokea mzigo, akiwa bado na furaha. Namba za wateja ziwe pia kwenye daftari la karatasi. Januari 2021 intaneti ilizimwa kwa takriban siku tano, na aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya programu alikaa akitazama kioo.

Bei iandikwe. Ile tabia ya “njoo inbox upate bei” humchosha mteja aliyelipia data yenye ushuru wa asilimia 12, uliokuja Julai 2021 kuchukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Anayeuliza bei na kujibiwa baada ya saa tatu ameshanunua kwingine.

Na lugha. Kampala utauza kwa Kiganda na Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini video ya Kiswahili ya sekunde 30 ikionyesha mafuta yakichujwa inaeleweka Arua, Bombo, Kasese na Busia, na inaendelea hadi Goma, Nairobi na Mwanza. Mteja wa upande wa pili wa Busia au Mutukula anafikika kihalali: utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, mzigo usiozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi cha mahali bidhaa ilikotoka, kinachotolewa mpakani. Uliza forodha kwanza kama bidhaa yako imo. Wanaopenya kwa njia za panya na boksi la makopo kumi hupoteza boksi kwa ajili ya karatasi ambayo wangeipata palepale.

Sheria za ndani huwatisha watu bure upande mmoja na kuwapuuzisha upande mwingine. Namba ya kodi, TIN, ni bure URA, mamlaka ya mapato. Mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayana kodi ya mapato chini ya mpango wa wafanyabiashara wadogo. Mfano wetu, hata baada ya makopo matatumatatu, unauza 730,000 kwa mwezi, yaani milioni 8.76 kwa mwaka. Ukivuka milioni 10 ukiwa chini ya 30, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa 80,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Kwa mauzo ya milioni 18 hiyo ni 32,000. Daftari la 3,000 limekuokolea 48,000. Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili, kwa mtandao, na lina faida ya haraka kuliko watu wanavyodhani: mteja anayetuma arubuni huona jina la duka na siyo la mtu asiyemjua, ikiwa namba ya mfanyabiashara imefunguliwa kwa jina hilo.

Kinachopuuzwa ni UNBS, shirika la viwango. Vipodozi na vyakula vilivyofungashwa vinahitaji cheti na alama ya ubora, na wakaguzi hutaka kuona mahali panapotengenezwa. Jiko linalokaangiwa mukene (dagaa) asubuhi na kumiminiwa mafuta ya ngozi mchana halitapita. Ndiyo maana naona anayeanza afikirie mapema chumba kimoja kidogo, chenye sakafu inayosafishika, dirisha lenye wavu, meza yake na vyombo vyake. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu mwaka wa kwanza. Asiyeiweza anaweza kuuza kitu kisichohitaji cheti, kama nguo za mtumba zilizochaguliwa vizuri, akijua kwamba huko mtego ni saizi: pima kifua, kiuno na urefu kwa sentimita, uandike, maana lebo za mtumba zinatoka nchi kumi.

Wapo wanaouza ujuzi badala ya bidhaa: kutafsiri, kuhariri picha, kuandika hesabu. Hawa hawana bodaboda, wana makato. Fiverr huchukua asilimia 20 ya kila kazi, na juu yake kuna gharama ya kuihamisha dola mpaka iwe shilingi. Bei ipangwe kwa kinachofika, siyo kwa kinachoandikwa. Na wanaoahidi faida bila bidhaa wala kazi, ambapo mapato ni kuingiza watu wengine, tuliwaona mpaka Desemba 2019 Dunamiscoins, kampuni ya upatu wa aina hiyo, ilipofunga ofisi na watu kubaki na risiti.

Mtaji wa kuanzia kwa mfano wetu unaweza kuwa hivi: kilo tatu za mafuta 90,000, makopo 40 kwa 48,000, lebo 20,000, mizani 35,000, sufuria na vitambaa 30,000, data 45,000. Jumla 268,000. Ongeza nusu yake, 134,000, isiguswe. Hiyo ndiyo itakayonunua kilo nyingine tatu pale pesa ya mzigo wa kwanza itakapokuwa bado iko kwa wateja wanaosema kesho, na itanunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, usiku ule umeme utakapokatika makopo 20 yakiwa kwenye friji nusu yameganda.